Faili lile lile, majina matatu

Kama umewahi kuomba kazi, chuo au leseni kwa njia ya mtandao, sentensi hii unaijua: "Aina ya faili hairuhusiwi." Huja kwa wino mwekundu, chini ya kitufe, baada ya kusubiri kile kimstari cha kupakia kimalize safari yake polepole kama baiskeli yenye gunia la mkaa inayopanda mlima. Unaangalia faili lako. Ni PDF. Wao wenyewe wameandika wanataka PDF. Unabonyeza tena. Wino mwekundu tena.

Wengi wetu hapo tunajilaumu. Tunadhani tumekosea hatua, au kompyuta ina virusi, au ndiyo hayo mambo ya intaneti ya kwetu. Tunafunga, tunafungua, tunaomba msaada kwa kijana wa kafe, naye anabonyeza vile vile tulivyobonyeza sisi.

Sasa ni wiki ya tatu nalifuatilia jambo hili. Limemgusa mtu ninayefanya naye kazi, na nilichokikuta kimenishangaza kiasi cha kuona nikiweke hapa, hata kama wadau mtasema leo kijana kageuka fundi wa kompyuta. Sijageuka. Kazi yangu ni kuuliza nani kasema, na yeye kajuaje. Kumbe ndilo swali lililokuwa linatakiwa kuulizwa tangu mwanzo, na hakuna aliyeliuliza.

Kisa chenyewe ni hiki. Tuna mwenzetu anayetuandikia kutoka kanda ya ziwa. Hana ajira, analipwa kwa habari iliyotoka. Habari ikilala, naye mfuko wake unalala. Mwenzetu huyu alitumia wiki kadhaa kuzunguka kwa wakulima wa pamba na daftari lake. Kila mkulima alimwuliza mambo mawili: mzigo wako ulikuwa kilo ngapi ulipoupima nyumbani, na ulikuwa kilo ngapi ulipofika kwenye mizani ya mnunuzi. Nadhani mnaona alikokuwa anaelekea. Habari ya namna hiyo uzito wake uko kwenye jedwali. Bila jedwali ni malalamiko tu, na malalamiko ya wakulima tumeyachapisha hadi wasomaji wanayaruka.

Akayapanga majibu yote kwenye jedwali na kulihifadhi kama faili la CSV. Kwa wasiolijua, CSV ni jedwali la kawaida kabisa lililoandikwa kwa maandishi matupu: jina, mkato, namba, mkato, namba, mstari mpya. Halina rangi wala madoido. Mfumo wetu wa kupokea habari unataka majedwali yaje kwa CSV ili wachora michoro wayatumie, na kwa utaratibu wa ofisi habari yoyote isiyopita kwenye mfumo huo inahesabiwa haijatumwa. Barua pepe haihesabiwi. WhatsApp ndiyo usiseme.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Kurasa zilikuwa zinafungwa saa mbili usiku. Yeye yuko kafe ya mjini, kalipia saa nzima. Anapakia maandishi, yanaingia. Anapakia picha, zinaingia. Anapakia jedwali... aina ya faili hairuhusiwi. Akalihifadhi upya. Akalibadilisha jina. Akahamia kompyuta ya pili mle mle kafe. Jibu ni lile lile. Akapiga simu ofisini, akaambiwa mfumo unafanya kazi vizuri, wenzako wote wametuma. Saa mbili ikapita na nafasi yake ukurasani ikachukuliwa na habari ya shirika la nje kuhusu kitu ambacho sikumbuki hata ni nini.

Kukosa ukurasa kunauma, lakini kuna mchana mwingine. Kilichoniudhi mimi ni maneno yaliyosemwa kwenye kikao cha Jumatatu: huyu bwana siku hizi ana visingizio. Mtu ametembea kwa miguu vijiji kadhaa, ametuma maandishi, ametuma picha, halafu kwa sababu ya jedwali lililokataliwa anaitwa mtu wa visingizio! Kwa mwandishi anayelipwa kwa kipande, sifa ya visingizio ndiyo mwisho wa kupigiwa simu.

Usiku ule wa Ijumaa alinitumia faili lile kwa WhatsApp. Mimi nilikuwa safarini, nikaliona saa nne usiku, kurasa zimeshafungwa. Nikalipakia kwenye mfumo kutoka kwenye kompyuta yangu, nione tu. Likaingia. Bila swali lolote! Nikampigia, tukalinganisha ukubwa wa faili baiti kwa baiti: namba ile ile. Jina lile lile. Kwake lilikuwa haramu, kwangu halali.

Jumatatu baada ya kikao nikashuka kwa mhasibu wetu, ambaye ana kompyuta ya miaka mingi, ina Windows ya zamani, ina Excel, na kivinjari ambacho nadhani mara ya mwisho kusasishwa bado nilikuwa chuoni. Nikapakia faili pale. Wino mwekundu! Sijawahi kufurahia kukataliwa namna ile, mhasibu akanishangaa. Nikabonyeza F12, kitufe kinachofungua upande wa nyuma wa kivinjari ambako unaona kila kinachotoka na kinachoingia, nikatafuta ombi lililopeleka faili. Ndani yake kuna mstari mmoja unaosema faili hili ni la aina gani. Kwenye kompyuta yangu mstari huo ulisomeka text/csv. Kwenye ya mhasibu ulisomeka application/vnd.ms-excel.

Yaani baiti zote ni zile zile, lakini kivinjari kimoja kimelitambulisha faili kama jedwali la maandishi na kingine kimelitambulisha kama mali ya Excel. Na mfumo wetu una orodha ya aina zinazoruhusiwa. text/csv imo. Ile nyingine haimo.

Hapa ndipo nilipoanza kuuliza swali langu: nani kasema, na yeye kajuaje?

Watu wengi, na mimi nilikuwa kundini, wanadhani ukipakia faili, kuna mahali linafunguliwa na kukaguliwa kisha linapewa jina la aina yake. Hapana. Kivinjari chako kwa kawaida hakifungui kitu. Kinaangalia mkia wa jina, zile herufi baada ya nukta: .csv, .pdf, .jpg. Halafu kinatafuta mkia huo kwenye orodha. Na orodha hiyo si moja. Kila kivinjari kina orodha yake fupi ya ndani kwa mikia maarufu, na kwa isiyo kwenye orodha kinauliza mfumo wa kompyuta: jamani, .csv mnaiitaje huku kwenu? Linux ina orodha zake. Mac ina utaratibu wake. Windows ina daftari lake kubwa la ndani, ambalo kila programu inayowekwa inaruhusiwa kuandika humo. Ukiweka Excel, Excel inajiandika kwamba mikia ya .csv ni yake. Kuanzia siku hiyo, kivinjari kinachouliza Windows kinajibiwa kwa jina la Excel. Kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa kwenye Windows yenye Excel. Baadhi ya vivinjari vya matoleo mapya vimerekebishwa ili viseme text/csv bila kuuliza mtu, lakini nani anasasisha kivinjari cha kafe?

Kwa hiyo mwenzetu alikataliwa kwa sababu mwenye kafe aliwahi kuweka Excel. Angekwenda kafe ya jirani isiyo na Excel, huenda lingeingia. Au huenda kompyuta ingekuwa haiujui kabisa mkia huo, na kivinjari kingetuma application/octet-stream, ambayo kwa Kiswahili cha kawaida ni "mzigo wa baiti, sijui ni nini". Hilo nalo haliko kwenye orodha yetu. Ndiyo hayo majina matatu niliyoyaandika juu kule kwenye kichwa.

Nikarudi nyuma kidogo kwenye historia, maana napenda kujua jambo limeanzia wapi. Majina haya ya aina yanaitwa MIME, na hayakutengenezwa kwa ajili ya tovuti. Yalitengenezwa kwa barua pepe. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed waliandika mapendekezo ya kuwezesha barua pepe kubeba vitu visivyo maandishi ya Kiingereza matupu: picha, sauti, herufi za lugha nyingine. Machi mwaka huo Borenstein alituma barua yenye picha ya kundi lake la waimbaji wanne na sauti yao wakiimba. Sasa angalia: kwenye barua pepe, anayetuma ndiye anayeandika kibandiko cha aina, na anajua anachotuma. Utaratibu ukawa na akili.

Kisha Novemba 1995 Ernesto Nebel na Larry Masinter wa Xerox wakaandika pendekezo la kuwezesha fomu za tovuti kupokea mafaili. Kabla ya hapo fomu ilipokea maandishi tu. Wakachukua vibandiko vile vile vya barua pepe wakavipachika kwenye fomu. Na pendekezo lenyewe halikudai makubwa: kivinjari kiseme aina ya faili kama kinaijua, kisipojua kiseme octet-stream. Kama kinaijua! Hilo "kama" dogo ndilo limetufikisha hapa. Halikulazimisha njia moja ya kujua. Kila mtengenezaji wa kivinjari akachagua njia yake.

Wakongwe waliotengeneza tovuti miaka ya 2000 mtakumbuka Internet Explorer. Ukipakia picha ya kawaida ya JPEG, vivinjari vingine vilisema image/jpeg, yeye akasema image/pjpeg. Ukipakia PNG, wenzake walisema image/png, yeye akasema image/x-png. Nimezungumza na kaka mmoja aliyekuwa anatengeneza tovuti enzi hizo, akaniambia kila fomu ya kupakia picha aliyoandika ilikuwa na mistari ya ziada kwa ajili ya Internet Explorer peke yake, na alijua kwamba hajaiweka kwa sababu simu ya mteja ingeita asubuhi. Kivinjari hicho kiliachwa rasmi na Microsoft Juni 2022. Ile mistari naambiwa bado iko kwenye tovuti nyingi. Hakuna anayethubutu kuifuta.

Wala si CSV na picha tu. Faili la ZIP kutoka Windows mara nyingi linajiita application/x-zip-compressed, kwingine application/zip. Wimbo wa MP3 jina lake rasmi ni audio/mpeg, lakini Chrome kwa miaka mingi iliuita audio/mp3. Sauti ya WAV ina majina matatu niliyoyahesabu mimi: audio/wav, audio/x-wav, audio/wave. Picha za HEIC, zile ambazo iPhone zilianza kupiga mwaka 2017, kwenye baadhi ya kompyuta kivinjari hakisemi kitu kabisa, mahali pa aina kinaacha pengo. Na M4A, ambayo ndiyo simu nyingi hurekodia mahojiano, mmoja ataiita audio/mp4 na mwingine audio/x-m4a. Sisi waandishi siku hizi tunaishi kwa kurekodi na simu. Hebu fikiria mahojiano ya mjane aliyenyang'anywa shamba yamekaa kwenye simu, mfumo unayakataa kwa sababu ya x na kistari.

Nikaenda kwa kijana anayesimamia mfumo wetu. Sikwenda kugombana, nilikwenda na karatasi mbili nilizochapa, ya kwangu na ya mhasibu. Akaziangalia akacheka, akasema anaijua hali hiyo, lakini ile orodha ni ya usalama. Mfumo hauwezi kupokea kila kitu. Akanikumbusha kirusi cha Mei 2000, kile cha ILOVEYOU, kilichokuja kama barua ya mapenzi. Faili lake liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na kwa kuwa Windows ilikuwa inaficha mkia wa mwisho, watu waliona .TXT wakadhani ni maandishi. Walipofungua, ikawa ni programu inayojituma kwa kila aliye kwenye kitabu chao cha anwani. Dunia nzima ilishikwa. Usinilaumu mimi, akasema, lazima mlango uwe na mlinzi.

Nakubali mlango uwe na mlinzi. Lakini nikamwuliza: mlinzi wako anamtambuaje mgeni? Akasema kwa ile aina iliyotumwa na kivinjari. Na nani anaandika ile aina? Kivinjari. Na kivinjari kiko kwa nani? Kiko kwa mgeni.

Akanyamaza kidogo. Maana ukweli ni kwamba mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika aina yoyote anayotaka, hahitaji hata kivinjari. Anachukua programu yake chafu, anaibandika image/jpeg, mlinzi anampigia saluti. Hata waandishi wa PHP, lugha iliyotengeneza sehemu kubwa ya tovuti za dunia hii, wameonya kwenye mwongozo wao wenyewe kwamba aina ile inatoka kwa kivinjari, haikaguliwi upande wa seva, hivyo usiiamini. Basi orodha yetu inamzuia nani? Inamzuia mtu mwaminifu aliyeko kwenye kafe yenye Excel. Mwizi hata haioni.

Kwenye kazi yetu hii hatufanyi hivyo. Mtu akija ofisini akasema yeye ni ofisa wa wizara, humwandiki ofisa wa wizara kwa kuwa amesema. Unaomba kitambulisho, unapiga simu wizarani, unauliza anayemfahamu. Na mtu akija na kitambulisho kilichochakaa herufi humfukuzi hapo hapo kwamba ni mwongo. Unamwuliza zaidi. Mfumo wetu ulikuwa unafanya makosa yote mawili kwa wakati mmoja: unamwamini anayejua kudanganya na kumfukuza asiyejua.

Dawa inayotajwa na wataalamu ni kuangalia ndani. Mafaili mengi yana alama mwanzoni kabisa. PDF huanza kwa %PDF. Picha ya GIF huanza kwa herufi GIF na toleo lake, 87a au 89a. PNG ina baiti nane maalumu na za pili hadi nne zinasomeka PNG. ZIP huanza kwa PK, herufi za kwanza za jina la Phil Katz aliyeitengeneza. Hii hekima ni ya zamani kuliko mimi na wengi wenu: kwenye mashine za Unix kumekuwepo na amri iitwayo file, inayotazama ndani ya faili na kukuambia ni nini, tangu angalau mwaka 1973. Tuna chombo cha nusu karne, na bado tunauliza mkia.

Lakini nisiwadanganye, kutazama ndani nako kuna visa vyake. Fungua faili la Word la kisasa, lile la .docx, utakuta mwanzoni PK. Ni ZIP iliyovaa suti. Mkaguzi asiye makini atakuambia ulichotuma si barua, ni kifurushi. Na CSV yetu sasa, chanzo cha balaa lote hili, haina alama yoyote mwanzoni. Ni maandishi tu. Ilipata jina lake rasmi la text/csv Oktoba 2005, baada ya kutumika miaka mingi bila jina, na hata baada ya kupewa jina hakuna baiti unayoweza kuikagua ukasema hii ni CSV. Kuijua ni kujaribu kuisoma: je, kila mstari una mikato inayolingana? Je, namba ziko mahali pa namba? Hapo hakuna njia ya mkato.

Halafu kuna hatari ya upande wa pili, ambayo nimeisoma usiku mmoja nikashindwa kulala. Internet Explorer enzi zake haikuishia kusoma vibandiko. Ilikuwa pia ikichungulia baiti 256 za mwanzo za kile inachopokea, ikaamua yenyewe hiki ni nini, hata kama seva imesema vingine. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa seva nyingi zilibandika ovyo. Mwaka 2009 watafiti watatu, Adam Barth, Juan Caballero na Dawn Song, wakaonyesha ubaya wake. Walitengeneza faili ambalo kwa mfumo wa kupokea makala za kitaaluma lilikuwa makala halali, lakini kwa kivinjari cha mkaguzi lilikuwa ukurasa wa tovuti wenye programu ndani yake. Mkaguzi akilifungua, programu inatumia akaunti yake na kujaza fomu ya tathmini: makala hii ni nzuri sana, ikubaliwe. Makala inajisahihisha yenyewe na kujipa maksi! Waliyaita mafaili ya namna hiyo vinyonga. Tatizo lilikuwa lile lile la faili moja kuwa na majina mawili, ila safari hii aliyefaidi kutofautiana kwao ni mshambuliaji. Mwenzetu wa kafe alikuwa kinyonga bila kutaka.

Kazi hiyo na nyingine za wakati ule ndizo zilizosaidia vivinjari kukaa chini na kuandika kanuni moja ya namna ya kuchungulia, na ipo hadi leo. Lakini kanuni hiyo ni ya vitu vinavyokuja kutoka kwenye seva. Kwa faili linalotoka kwako kwenda kwenye seva, mpaka leo kanuni inakiachia kivinjari uhuru mkubwa, na kinachotakiwa tu ni kwamba kisipojua, kisibuni.

Nilipomaliza hadithi hii yote kwa yule kijana wa mfumo, alikuwa ameshaanza kuandika. Aliongeza application/vnd.ms-excel kwenye orodha, kwa mafaili ambayo mkia wake ni .csv. Kisha akaongeza kipande kinachojaribu kulisoma faili kama jedwali kabla ya kulikubali, na likishindikana mfumo unasema kwa nini: mstari wa kumi na mbili una safu pungufu. Ilimchukua sehemu ya mchana mmoja. Nikamwomba jambo moja zaidi, kwamba ule ujumbe mwekundu uwe unaonyesha aina iliyopokelewa, ili mtu wa mkoani akipiga simu awe na kitu cha kusoma. Alisita. Ujumbe ni mrefu, utawachanganya watu. Nikamwambia walishachanganyikiwa siku nyingi. Akauweka.

Zile karatasi mbili nilimpelekea pia mhariri. Alizisoma akiwa amesimama, akaniuliza vnd ni nini, nikamwambia ni kifupi cha kusema jina hili ni la kampuni inayouza programu. Akazikunja akaziweka kwenye droo. Habari ya pamba ilitoka Alhamisi, na jedwali lake, ukurasa wa nne. Kwenye kikao kilichofuata neno visingizio halikutajwa, na wala hakuna aliyesema lilikuwa si sahihi. Ndivyo ofisi zilivyo.

Kama na wewe unakwama na fomu ya mtu, jaribu kivinjari kingine kabla hujajilaumu, au kompyuta nyingine, au simu. Andika saa uliyojaribu na upige picha ule wino mwekundu, maana kesho utaambiwa hukutuma. Usibadilishe mkia wa jina kwa kubahatisha; faili halibadiliki kwa kubadilishwa jina, na mfumo unaochungulia ndani utakukataa kwa haki.

Jana jioni mwenzetu amepiga tena. Amepata mahojiano ya dakika 40 na mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye mizani, na safari hii ni sauti, imekataliwa. Nikamwambia asome ujumbe wote. Akasoma herufi kwa herufi: audio, mkwaju, x, kistari, m4a. Nimeshamtumia ujumbe yule kijana wa mfumo. Ameniambia ataiongeza leo kabla ya saa nane.